Mwaka Tuliouliza Habari za Bwawa

Kwenye mazishi ya Baba Chebet nilipewa dakika mbili za kuongea. Msimamizi wa ratiba alikuwa kijana mwenye kipaza sauti na haraka nyingi, mawingu yalikuwa yametanda upande wa Molo, na bado walikuwepo chifu, mchungaji na wajomba waliotoka mbali wakingoja zamu zao. Nilisema kwamba marehemu alikuwa mtu mpole, kwamba niliishi kwenye ploti yake nilipokuwa mwalimu mgeni katika kijiji cha Mawe Mengi, na kwamba katika nyumba ile sikuwahi kulala njaa. Watu wakasema amina, nikarudi kuketi. Baadaye, tulipokuwa tukila wali na nyama nyuma ya nyumba, Mama Chebet mwenyewe alikuja na leso yake ya ujane mabegani, akaketi karibu nami, akaniuliza mbona sikusema ile habari ya bwawa. Nikamwambia nilidhani bado ni siri. "Siri ya nani tena, Mwalimu?" akasema. "Mtu tuliyeogopa atafutwa kazi si ndiye huyo tumetoka kumlaza? Sasa sema." Basi nasema. Nimekaa Kamere, huku Naivasha, miaka mingi sasa, nina darasa langu na watoto wangu, lakini nikiulizwa ni mwaka gani ulionifanya niwe mtu mzima, nitautaja ule mwaka mmoja niliokaa Mawe Mengi, na nitaanza na kilima ambacho hakikuwa kilima.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nimetoka chuo cha ualimu na begi moja, na shule ndogo ya msingi iliyokuwa kati ya Rongai na Molo ilikubali kunichukua huku ikiniahidi mambo mengi. Kijiji kilikuwa kwenye mteremko wa shamba la mzungu wa zamani lililogawanywa zamani hizo. Juu kabisa kilibaki kipande kikubwa ambacho hakikugawanywa, chenye maua, mahindi na ng'ombe wa maziwa, na huko ndiko nusu ya kijiji ilikofanya kazi. Kutoka mlangoni kwangu nilikuwa naona mistari ya mikaratusi, na mbele ya mikaratusi mwinuko mrefu wa nyasi za kijani, laini, ulionyooka kama mgongo wa ng'ombe. Asubuhi nilikuwa napiga mswaki nikiutazama. Nilikaa pale karibu muhula mzima nikidhani ni kilima, mpaka siku moja mtoto wa darasa la pili alipochora picha ya nyumbani kwao, akachora ule mwinuko, na nyuma yake akapaka rangi ya buluu ukurasa mzima mpaka juu. Nikamwambia mbingu haianzii pale chini. Akanitazama kwa huruma. "Si mbingu, Mwalimu. Ni maji."

Chumba changu kilikuwa kimeshikana na nyumba ya Jerusha na Elijah, ambao hakuna aliyewaita kwa majina hayo. Walikuwa Mama Chebet na Baba Chebet, kwa jina la binti yao aliyekuwa ameolewa Eldoret. Kati yangu na wao palikuwa na ukuta wa mbao uliopigwa magazeti. Mara ya kwanza nilijaribu kujipikia kwenye jiko la mafuta, lakini Mama Chebet aliona sufuria yangu akasema ugali wa mtu mmoja ni kitu cha kuhuzunisha, na tangu jioni ile nikawa nakula kwao. Tulikula sukuma na viazi, siku nyingine maharagwe, na Baba Chebet alikuwa na kibuyu chake cha mursik, maziwa ya kuganda, alichokitikisa kwa heshima kama mtu anayemwamsha mgeni. Mama Chebet alikuwa mzaliwa wa upande wa Bungoma na mumewe Mkalenjin wa hapo hapo, kwa hivyo nyumba yao iliendeshwa kwa Kiswahili, na mimi Mkikuyu wa Njoro nilielewa kila kitu kilichosemwa upande wa pili wa magazeti, nikitaka nisitake. Mengi yalikuwa mambo ya kawaida: kuku aliyepotea, kwaya, goti la Baba Chebet. Yeye alikuwa akiendesha pampu kwenye shamba la juu, pampu iliyovuta maji kutoka bwawani, nyuma ya ule mwinuko, na hakuwa mtu wa maneno mengi. Ndiyo maana jioni moja alipoanza kuongea bila kuulizwa, niliweka kalamu chini.

"Mainjinia wa serikali walikuja," alisema. "Wamepima, wamepiga picha, wameenda."

"Wakasema nini?" Mama Chebet aliuliza.

"Si kwetu. Meneja ndiye alituita akasema kila kitu kiko sawa, na asisikie mtu akipeleka maneno ya ukuta huko kijijini."

"Na wewe umeona nini?"

Nikasikia kijiko kikiwekwa kwenye sahani. "Pale chini ya ukuta kunatoka maji, Mama Chebet. Zamani ilikuwa unyevu tu. Siku hizi yanatoka na udongo."

"Umeambia nani?"

"Nimeambia wewe."

Mtu wa Rift Valley hahitaji kuelezwa bwawa la udongo likikatika linafanya nini. Tumezika. Sitaandika mambo hayo hapa, kwa sababu hii ni hadithi ya kitu ambacho hakikutokea, na nashukuru Mungu kila ninapoikumbuka kwamba nina hadithi ya namna hiyo. Lakini jioni ile sikujua kitaishaje. Nilitazama kitanda changu, nikaona kimewekwa kichwa kikielekea kule juu, nikakigeuza, kana kwamba hilo lingesaidia.

Siku iliyofuata ilikuwa Jumamosi. Tulikaa uani na Mama Chebet tukimenya viazi, naye akamenya vitatu au vinne kabla ya kusema, bila kuinua macho, "Najua umesikia, Mwalimu. Ile ni mbao, si mawe." Nikasema nimesikia. Akaniambia shida yake, na alivyoieleza ndivyo nilivyoielewa kwa mara ya kwanza. Akienda kwa chifu kusema ukuta unatoa maji, chifu atamuuliza ameambiwa na nani. Akikataa kusema, kila mtu anajua ni nani analala nyumbani kwake. Na Baba Chebet alikuwa amebakisha muda mfupi tu apumzike kazi. "Nikinyamaza, tunaweza kufa," alisema. "Nikiongea, namuua yeye kwa njia nyingine." Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida kabisa, kisu kikizunguka kiazi bila ganda kukatika.

Sasa, miezi kadhaa kabla ya hapo nilikuwa nimehudhuria semina ya vijana katika ukumbi wa kanisa mjini Nakuru. Nisidanganye: nilienda kwa sababu rafiki yangu alisema kuna chapati na kuku. Lakini mama aliyefundisha, mwenye sauti iliyokauka kwa kuongea, alikuwa amesema jambo ambalo lilinikaa. Alisema nchi hii ina sheria inayompa kila mwananchi haki ya kuuliza ofisi ya umma habari iliyo nayo, na ofisi lazima ijibu. Unaweza kuandika kwa Kiswahili. Hufai kuulizwa unaitakia nini. Na ikiwa habari hiyo inahusu uhai wa mtu, alisema akigonga meza, ofisi ina saa arobaini na nane tu. Kijana mmoja nyuma akauliza, "Na wakikataa, mathe?" Akajibu kwamba kuna tume ya kupokea malalamiko ya wananchi, na kwamba watu hawaiendei kwa sababu wamezoea kukataliwa. Nilimweleza Mama Chebet haya yote pale kwenye viazi. Akaniambia nirudie. Nikarudia.

"Kuuliza tu?" akasema.

"Kuuliza tu."

"Bila kusema nimejuaje?"

"Bila kusema chochote. Tunaandika: sisi wakaaji wa chini ya bwawa tunaomba kuona ripoti ya ukaguzi wa ukuta. Basi. Kila mtu aliona gari la serikali likipanda."

Akaweka kisu chini akajifuta mikono kwa kanga. "Kumbe tunaweza kuuliza kama watu wajinga," alisema polepole, "watu wasiojua kitu kabisa." Na kwa mara ya kwanza tangu jana yake alitabasamu.

Tuliandika kwa mkono wangu na maneno yake, na wanawake wenzake wa kwaya wakatia sahihi baada ya mazoezi. Jumatatu niliomba ruhusa shuleni tukaenda Nakuru, yeye akiwa amevaa suti yake ya Jumapili na amebeba nduma zilizochemshwa kwenye mkebe. Ofisini tulimkuta msichana wa mapokezi aliyetutuma mlango wa kushoto, na wa kushoto wakatutuma wa kulia, na mwisho akatoka bwana mmoja mwenye sweta ya kijivu aliyesoma barua yetu akiwa amesimama.

"Mathe, mambo kama haya huja kwa njia ya chifu," alisema.

"Chifu anaishi juu kwenye barabara," Mama Chebet akajibu. "Sisi ndio tunaishi chini ya maji."

"Hiyo ripoti ni ya ndani. Na mnaitakia nini?"

Mama Chebet alinitazama kidogo, halafu akamgeukia. "Samahani, boss. Sheria inasema usituulize hivyo." Alisema kwa upole, kama mtu anayemwambia mgeni asikanyage pale penye maji, ataanguka. Yule bwana akasema tuache barua hapo, wataiangalia. Mama Chebet akasema sawa, lakini tulikuwa na nakala yetu na tunaomba igongwe muhuri kuonyesha imepokewa. Akaambiwa mwenye muhuri hayupo. Akasema si neno, tutangoja. Akaketi kwenye benchi, akafungua mkebe, akanipa nduma, akamkaribisha msichana wa mapokezi pia, naye akachukua. Muhuri ulipatikana kabla hatujamaliza kula.

Siku mbili zikapita, na wiki ikapita, na hakuna aliyetuita. Nikaenda Rongai kwenye saiba, kwenye kompyuta za kulipia, nikapiga picha ile nakala yenye muhuri, nikaituma kwa tume pamoja na malalamiko yetu. Kisha ikabaki kungoja, na nikiri kwamba hakuna sehemu ya mwaka ule iliyonichosha kama hiyo. Mvua ndefu zilianza. Shuleni baadhi ya wazazi walihamisha watoto wao kwa mashangazi huko juu kwenye ukingo, na darasa langu likawa na mapengo kama mdomo wa mtoto wa miaka sita. Na habari ikafika shambani, kwa sababu hakuna kwaya isiyo na mdomo. Meneja akamwita Baba Chebet akamuuliza mke wake anatafuta nini Nakuru. Akajibu, "Muulize yeye, mimi huwa kwa pampu." Kesho yake akatolewa kwenye pampu akapewa panga la kukata majani ya ng'ombe, mtu wa umri wake na goti lile.

Jioni hizo Baba Chebet hakumlaumu mkewe. Alikula, akashukuru, akatoka nje kutazama juu. Jirani yetu mmoja, mama ambaye vijana wake wawili walifanya kazi kwenye maua, alinisimamisha bombani akaniuliza mbele ya watu, "Nyinyi mnataka shamba lifungwe? Watoto wetu wakule nini, hiyo karatasi yenu?" Mpaka leo sidhani alikuwa amekosea kuuliza. Nilimwambia Mama Chebet kwamba nitatafuta chumba kwingine, pengine nikiondoka mambo yatapoa. Alikuwa anasonga ugali. Hakuacha kusonga. "Ukiondoka," alisema, "watasema ni Mwalimu ndiye alikuwa na swali, na mimi nilikuwa nabebwa tu. Hilo swali ni langu. Kaa chini ule."

Simu ililia tukiwa katikati ya kusoma hadithi, darasa la pili na mimi. Ilikuwa sauti ya mwanamke kutoka kwa tume. Aliniambia kwa utulivu kwamba wameiandikia ofisi, ofisi imejibu, na kwamba twende tukachukue tulichoomba. Wakitukatalia tena tumpigie yeye pale pale mlangoni. Sikumbuki hadithi iliishaje. Nakumbuka nilitoka nje nikashika mlingoti wa bendera. Kesho yake yule bwana wa sweta alitupa bahasha bila kutuzungusha milango. Tulipokuwa tunageuka akauliza, kwa sauti tofauti na ile ya kwanza, "Mathe, boma yenu iko upande gani hasa?" Mama Chebet akamwambia iko chini kabisa, karibu na shule. Akatazama sakafu. "Someni ukurasa wa mwisho kwanza," alisema, akaingia ndani.

Hatukuisoma njiani. Mama Chebet alisema haitasomwa mahali popote isipokuwa nyumbani kwake, mumewe akiwepo. Kwa hivyo tulingoja jikoni, chai ikiwa imeiva, mpaka Baba Chebet aliporudi na majani yamemganda kwenye koti, akasimama mlangoni na gambuti zake zenye matope kwa sababu mkewe hakuruhusu gambuti ndani. Ripoti ilikuwa ya Kiingereza, nikaitafsiri nikienda. Ukurasa wa mwisho ulisema ukuta ule si salama kwa mvua zinazokuja. Ulisema maji yapunguzwe kabla mvua hazijaanza, yabaki chini ya nusu. Ulisema watu wanaoishi chini waarifiwe mara moja. Mvua zilikuwa zimeanza. Waliokuwa chini tulikuwa sisi, na hakuna aliyetuarifu.

"Rudi nyuma," Baba Chebet akasema kutoka mlangoni. "Kuna mahali wameandika maji yanatoka?"

Nikatafuta. "Hapa. Wanasema maji yanatoka chini ya ukuta, upande wa kulia."

"Na udongo?"

"Na udongo. Kuna picha."

Akaingia na gambuti zake mpaka mezani, na Mama Chebet hakumzuia. Akaitazama ile picha kwa muda mrefu. Kisha akakaa, akaweka kofia yake juu ya goti, na nikaona mabega yake yakitetemeka, nikadhani analia, lakini alikuwa anacheka, halafu kweli akalia. "Kumbe waliona," alisema. "Mama Chebet, kumbe waliona! Mimi nilifikiri labda ni macho yangu." Mkewe akamshika kichwa akakiegemeza kwenye aproni yake kama mtoto. Mimi nikatazama chai yangu. Baada ya muda akajipangusa, akauliza kama kuna chakula, na akala siku ile kuliko nilivyowahi kumwona akila.

Nimeifikiria jioni hiyo mara nyingi kuliko harusi yangu. Watu huniambia habari ni silaha, habari ni nguvu, na labda ni kweli huko wanakoishi. Mimi nilichoona ni mzee mmoja akiwekewa chini mzigo aliokuwa ameubeba peke yake. Karatasi ile haikumwambia kitu asichokijua. Ilimwambia tu kwamba sasa si lazima yeye ndiye aseme. Kuanzia hapo ilikuwa ni ripoti ndiyo inasema, na hakuna meneja anayeweza kuipa ripoti panga la kukata majani.

Mambo yalikwenda haraka baada ya hapo. Chifu alisoma ukurasa wa mwisho mara mbili akaomba kiti. Mchungaji aliusoma Jumapili mahali pa mahubiri, kwa Kiswahili changu. Mtangazaji wa redio akapiga simu, na siku hiyo hiyo magari ya serikali yakapanda, safari hii yakasimama kijijini kwanza. Amri ikatolewa maji yashushwe. Tulisimama kando ya kijito tukiyatazama yakija, ya rangi ya chai ya maziwa, mengi lakini yenye adabu, yakipita yalipoelekezwa, siku baada ya siku. Yule jirani wa bombani alisimama karibu nami na vijana wake wawili. Akanipa upande mmoja wa mwavuli wake. Shamba halikufungwa. Ukuta ulijengwa upya, mfupi na mpana, na Baba Chebet akarudishwa kwenye pampu akamalizia muda wake huko. Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza kitu, kwa sababu hapakuwa na kitu cha kumuuliza: wanawake wa kwaya waliuliza swali, wakajibiwa.

Mwisho wa mwaka nilipata kazi Naivasha. Siku moja kabla ya kuhama nilitoka shuleni mapema kwa sababu mvua kubwa ilikuwa inakuja, ile ya alasiri inayoanza na upepo wa baridi na kupiga mabati mpaka mtu hasikii anachosema. Ilinikuta mlangoni kwa Mama Chebet. Nikaingia nikiwa nimelowa, nikifungua mdomo kupiga hodi, na nikamwona Baba Chebet akiwa kwenye stuli karibu na jiko, kidole mdomoni, akinionyesha kochi. Mama Chebet alikuwa amelala pale, viatu ameshavua, mkono mmoja umening'inia, kitambaa kimemteleza kichwani, akikoroma kwa sauti ya kupendeza chini ya kelele yote ile. Baba Chebet akanimiminia chai, akanisogezea stuli nyingine, na tukakaa hapo wawili tukiisikiliza mvua ikinyesha, na hakuna aliyetoka nje kutazama juu.